Karanga Aliyoila Baba

Kila karanga zinapokaangwa kwenye mchanga wa moto jikoni kwangu, namwona Baba akimla kaka yangu.

Najua sentensi hiyo inavyosikika, basi nipeni nafasi niieleze. Mimi ni Zubeda, mwenye nyumba ya wageni hapa Arua, Uganda, ile ya ghorofa yenye paa jekundu na maji ya moto katika kila chumba. Sikuirithi, wala sikuachiwa na mume. Niliijenga kwa jasho la miaka niliyosimamia hoteli za watu Nairobi na Juba, nikiwa na diploma yangu ya usimamizi wa hoteli, ambayo leo iko ndani ya fremu pale mapokezi ili kila anayechukua ufunguo aisome kwanza. Wapo wanaosema ni majivuno. Ni majivuno kweli, na nimeyatolea jasho.

Wiki iliyopita vijana wapenzi wa kriketi walikuja kula kwangu. Timu ya taifa inajiandaa kwa mfululizo mkubwa wa mechi za kimataifa, na vijana walikuwa wameinamia simu zao wakibishana nani aende na nani abaki. "Huyo mzee, mkono yake iko kwa picha tu," mmoja alisema. Mwingine akamtetea mzee huyo kana kwamba ni shemeji yake. Mpishi wangu akawapelekea sahani ya karanga za moto. Kijana mmoja akachukua karanga moja, akaitia mdomoni, akasema, "Haya, nimemtoa." Alitania tu, hakujua alichokifanya. Mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni na vitambaa vya meza mkononi, niliviweka chini, nikaenda kukaa uani.

Nilipokuwa mtoto tuliishi Koboko. Mama alikuwa na kibanda cha chai pembeni mwa soko, mahali ambapo malori ya kutoka Arua yalipumzika kabla ya kuendelea mpakani. Hapo palinuka tangawizi, dizeli, samaki mkavu na karanga. Chini ya paa la mabati Mama alitandika mkeka uliosukwa na wanawake wa Kinubi, wa zambarau na kijani, na juu ya mkeka huo ndipo timu ya kriketi ya Uganda ilipoundwa na kubomolewa kila jioni na watu ambao hawakuwahi kuuona uwanja wa Kampala.

Kriketi ililetwa kwetu na Mwalimu Waiswa, kijana wa Busoga aliyepangiwa kufundisha katika sekondari ya hapo. Alishuka kwenye lori na masufuria yake, na katikati ya masufuria kulikuwa na gongo bapa la kupigia mpira. Mama alilitazama akadhani ni la kupigia nguo wakati wa kufua, akamwambia kwamba maji ya karibu yako upande wa chini. Mwalimu hakukasirika. Baada ya miezi michache wanafunzi wake walikuwa wanacheza kwenye kiwanja cha shule pamoja na mbuzi, na mpira wao mmoja wa ngozi ulikuwa umeshonwa upya mara nyingi kwa fundi wa viatu hata ukawa na harufu ya gundi.

Miongoni mwao alikuwamo kaka yangu Swaibu. Yeye alikuwa anamaliza sekondari, mrefu, mpole, asiyependa maneno mengi. Lakini mpeni mpira. Alikuja akikimbia kutoka mbali, mkono ukapanda ukapita sikio, na kilichofuata hukukiona, ulikisikia tu: vijiti vilivyosimikwa nyuma ya mpiga vikianguka. Mwalimu Waiswa alisema kwamba Jinja, ambako kriketi huchezwa na watoto wanaojifunza kutembea, hajaona mrushaji wa kasi kama huyo.

Basi wapenzi wakaongezeka, na pale mkekani wakabuni desturi yao. Mtu aliyetaka kuunda timu alipanga karanga kumi na moja katika mstari, akizitaja kwa majina ya wachezaji waliosikika redioni. Ukitaka kumtoa mchezaji ilikupasa uichukue karanga yake, useme sababu mbele ya wote, kisha uile. Sababu ikikataliwa uliilipa kwa kuleta karanga nyingine. Ukishaila na sababu ikapita, mchezaji huyo ameliwa, hana rufaa. Mama alilalamika kwamba hakuna nchi yenye timu inayoliwa kama yetu, na kwamba wateuzi wake wote wananenepa.

Wabishi wakubwa walikuwa wawili. Hamza, mwenye bucha, alikuwa na sauti ya kumwamsha ng'ombe aliyekwisha kuchinjwa. Adriko, dereva wa lori, alikuwa mtu wa Arua, na hakumwacha mtu asahau hilo. Yeye ndiye aliyeleta magazeti, kwa hiyo alijiona ndiye mwenye habari.

"Nyinyi watu ya Koboko mnajua kriketi ya mdomo," Adriko alikuwa akisema.

"Na nyinyi ya Arua?" Hamza alimjibu. "Mrushaji yenu iko wapi? Mwonyeshe. Au iko ndani ya gazeti?"

Nami nilikuwa na timu yangu. Nilikuwa darasa la nne, lakini nilikaa mkekani kama wao, nikapanga karanga zangu, na aliyenilia mchezaji bila sababu nzuri nilimdai mbele za watu. Hamza aliniita Meneja. Jina hilo lilitangulia tu; cheo kilikuja chenyewe baadaye.

Katika kila timu iliyopangwa pale, karanga ya mwisho, ile ya mrushaji wa kasi, ilikuwa Swaibu. Hamza aliiweka kwa sherehe. Aliziba pua kwa vidole, akaiga mtangazaji wa redio: "Na mpira sasa iko kwa mkono ya Swaibu, mtoto wa Koboko. Nchi nzima inasikia. Swaibu wa Koboko." Watu walipiga makofi, na Swaibu aliinamisha kichwa ndani ya kikombe chake cha chai.

Hapo ndipo Baba aliponyoosha mkono.

Baba alilima mihogo Midia na kila alasiri alikuja sokoni kwa baiskeli. Ujanani alikuwa mwanajeshi, na watu bado walimwita Afande, ingawa mwenyewe hakusimulia chochote kuhusu jeshi, wala kuhusu miaka aliyoishi ukimbizini Congo. Alikaa ukingoni mwa mkeka, mgongo ukiwa ukutani, akitazama barabara. Hamza alipomaliza kutangaza, Baba aliichukua karanga ya Swaibu, akaimenya ganda lake jembamba kwa kidole gumba, akaila.

"Sababu, Afande," Hamza alidai.

"Hana viatu."

Walimchangia Swaibu viatu. Siku nyingine Baba akala tena. "Kampala iko baridi," alisema. Siku nyingine tena: "Hapana jua kuogelea."

"Afande," Adriko akamwuliza kwa upole, "kriketi iko na maji?"

Watu walicheka hadi Mama akaogopea vikombe vyake. Baba hakucheka. Alilipa faini, akaleta karanga mpya kutoka mfukoni, na kesho yake akamla Swaibu tena. Hamza alisema Afande ana wivu, kwamba baba wengine hawapendi mtoto awapite kimo. Nami, mtoto wa miaka kumi, nilimwamini Hamza.

Kisha Adriko akaleta habari. Timu ya Kenya, ambayo wakati huo ilikuwa inatisha kila mtu upande huu wa Afrika, ilikuwa inakuja Kampala kwa mfululizo wa mechi. Watu walikuwa wamelalamika kwamba timu yetu ni ya Kampala na Jinja peke yake, kana kwamba Uganda inaishia mtoni. Kwa hiyo mteuzi alikuwa anakuja Arua, kwenye kiwanja cha shule, Jumamosi, kutafuta kijana mmoja wa West Nile, mkoa wetu, wa kwenda kambini na timu ya taifa. Kijana mmoja tu.

Kibanda kizima kilimgeukia Swaibu. Hakuna aliyepanga karanga siku hiyo. Haikuhitajika.

Mwalimu Waiswa alikuja nyumbani jioni kumwomba Baba ruhusa. Alivaa tai. Baba alimsikiliza mpaka mwisho akasema hapana, mihogo inasubiri kung'olewa. Mwalimu akasema wanafunzi wote watakuja kuing'oa. Baba akasema hapana. Mama, aliyekuwa anapepeta karanga zake, hakuinua macho. Alisema tu, "Swaibu akibaki hapa kwa ajili ya mihogo, Baba Swaibu, chai yako utakwenda kunywa kwa mihogo hiyo." Baba aliinuka, akaiegemeza baiskeli yake ukutani. Kisha akasema sawa, ataenda, na yeye mwenyewe atampeleka.

Kesho yake nilikuwa naosha vikombe nikamsikia Baba nyuma ya nyumba. Alimsimamisha Swaibu wima kama askari.

"Wakikuuliza jina, sema Swaibu. Ya ukoo wacha. Wakikuuliza nyumbani iko wapi?"

"Koboko."

"Busia. Nyumbani iko Busia. Rudia."

"Busia, Baba."

Akamfundisha na maneno machache ya salamu za Kisamia, lugha ya huko Busia, kwa sababu aliwahi kuwekwa kambini huko zamani akiwa jeshini. Alimrudisha mara nyingi, akisahihisha matamshi. Kisha sauti yake ikashuka, ikawa ndefu na ya chini, nami kwa sababu ya kelele za vikombe sikuyapata maneno. Niliyoyasikia yalinitosha kuumia. Niliona kwamba Baba anatuonea haya. Anaionea haya Koboko.

Jumamosi tulipanda lori la Adriko, juu ya magunia ya mihogo mikavu, na vumbi la barabara ile ambayo haikuwa na lami likatupaka rangi moja sote. Hamza alikuwa amefunga bucha yake. Alikuwa ametangaza sokoni kote kwamba nyama itapatikana Jumapili, na kwamba atakayeuliza kwa nini, huyo si mzalendo.

Sitasahau jinsi Swaibu alivyorusha siku ile. Walikuwapo vijana wa Arua, wa Nebbi, wa Moyo, wengine wenye nguo nyeupe safi. Yeye alikuwa na suruali ya shule na viatu vya kuchangiwa. Mpira wa kwanza uling'oa kijiti cha katikati. Wa pili mpiga alirudi nyuma kabla haujafika, watu wakacheka. Mteuzi, mtu mnene mwenye kofia pana, aliacha kiti chake cha kivulini akaja kusimama juani, nyuma ya mwamuzi, na hakurudi kivulini tena. Vijana walipomaliza, yeye hakutafuta mbali. Alimwendea Swaibu moja kwa moja na kumwekea mkono begani. Hamza alinibeba juu ili nione.

"Unaitwa nani, kijana?"

"Swaibu."

"Kwenu ni wapi?"

"Busia."

Mteuzi aliondoa mkono. Si kwa hasira. Aliuondoa kama mtu aliyechukua kikombe cha jirani kwa makosa. "Busia? Vijana wa Busia tunawaona Jinja. Mimi hapa nimetumwa nipate mtoto wa West Nile."

Mwalimu Waiswa alikuja mbio. "Huyu ni wa Koboko, bwana. Ni mwanafunzi wangu, nyumbani kwao nimekula." Hamza na Adriko, ambao hawakuwahi kukubaliana juu ya jambo lolote, walipaza sauti pamoja: Koboko, Koboko. Mteuzi aliinua kiganja wakanyamaza.

"Wengi wanaweza kumzulia mtu kwao ili achaguliwe, nimeshayaona hayo," alisema. "Nitamwuliza mwenyewe mara ya mwisho. Kijana, kwenu ni wapi?"

Swaibu hakumtazama mteuzi. Alimtazama Baba. Baba alikuwa amesimama hatua chache kando, amevua kofia, ameishika kwa mikono miwili kifuani, macho chini. Hakutikisa kichwa, hakusema ndiyo wala siyo. Nilingoja aseme neno moja, neno ambalo lori zima lilikuwa limelisema.

"Busia," alisema Swaibu, na akaongeza ile salamu ya Kisamia.

Walimchukua kijana mwingine, mrushaji mzuri, simnyimi sifa zake. Alikwenda Kampala, akakaa kambini, na baada ya hapo sikumsikia. Kenya ilikuja na kutushinda, Hamza akasema angekuwapo Swaibu tungeshindwa kwa heshima zaidi.

Turudi kwenye lori lile. Adriko, ambaye njia nzima ya kuja alikuwa ametutania, aliendesha polepole kama amebeba mayai. Mwalimu Waiswa alihamishwa mwaka uliofuata, akaliacha gongo. Baba hakukaa tena kwenye mkeka. Alikunywa chai yake akiwa amesimama nje, karibu na baiskeli. Swaibu alimaliza shule, akafyatua matofali, akaoa, na mpaka leo hufundisha watoto kurusha mpira kwenye kiwanja kile chenye mbuzi. Bega lake limechoka kwa matofali. Mkono haupandi tena hadi sikioni.

Mimi nilikua na hasira. Niliapa kwamba mimi popote nitakapoulizwa, nitataja Koboko kwa sauti. Na nilitaja. Chuoni Nairobi, siku ya kwanza, walipotuuliza tujitambulishe, nilisimama nikasema, natoka Koboko, kama mtu anayetupa jiwe. Nilingoja. Msichana aliyekaa karibu nami akauliza kwa adabu, "Koboko ni wapi?" Darasa zima hakuna aliyejua. Nilikaa chini nikiwa nimechanganyikiwa, kwa kuwa nilikuwa nimejiandaa kwa vita, na hakukuwa na adui.

Baba alifariki miaka michache baada ya mimi kurudi. Tulipokuwa tumekaa matangani Midia, kwenye mkeka uleule wa Mama, ambao zambarau yake ilikuwa imebaki kama alama ya mvilio wa damu, nilimwambia Swaibu kwamba Mungu anisamehe, lakini sikuwahi kuelewa kwa nini mzee alituonea haya.

"Haya gani?" Swaibu aliniuliza.

Ndipo akanieleza yale niliyoyakosa kwa kelele za vikombe. Serikali ya rais aliyetoka kwetu Koboko ilipoanguka na wanajeshi wake kukimbilia kaskazini, Baba alikuwa anarudi nyumbani na mdogo wake, wamevaa nguo za kiraia. Kabla ya daraja la Nile walikuta kizuizi cha watu wenye bunduki. Waliulizwa mmoja mmoja, jina na nyumbani. Mdogo wake alitangulia. Alikuwa kijana mkweli, akataja jina lote na akasema Koboko. Wakamtoa kwenye mstari, wakampeleka nyuma ya nyumba iliyokuwa kando ya barabara, na hakurudi. Zamu ya Baba ilipofika alisema Busia, akaongeza salamu ya Kisamia, na wakampitisha. Alivuka daraja bila kugeuka. Mdogo wake huyo aliitwa Swaibu.

"Ulijua," nilimwambia. "Siku ile kiwanjani ulijua."

"Nilijua. Mteuzi aliponiuliza nilimwona Baba na kofia yake kifuani. Meneja, yule hakuwa Arua. Alikuwa pale kizuizini. Sasa mimi niseme Koboko mbele yake?"

Mimi ambaye wageni hunisifu kwa kuwa na jibu la kila kitu, nilishika pindo la mkeka tu. Mzee wa watu hakuwa na wivu. Alikuwa amesikia Hamza akiitangazia nchi nzima jina na mahali, kila jioni, kwa kicheko, na kila jioni akafanya alichoweza: akamficha mtoto tumboni. Na hatari aliyomficha isimpate ilikuwa imekwisha kupita zamani. Hakuna aliyemwambia, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba bado anaingoja.

Ndipo nilipoikumbuka alasiri moja, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Nilikuwa nimemnunulia redio nzuri, kubwa, nikampelekea mwenyewe kwa gari langu. Swaibu alikuwapo, na Mama alikuwa ameleta karanga. Mtangazaji akaanza kusoma kikosi cha kriketi kinachokwenda nje kwa mechi za kimataifa, na katikati ya majina akataja kijana mmoja, jina lote na la ukoo, kisha akasema, mzaliwa wa Koboko. Swaibu alipiga goti lake kwa furaha. Kijana huyo alikuwa amepitia mikononi mwake.

Baba aliinuka, akaufunga mlango. Alirudi, akakaa mgongo ukutani, akatazama dirishani. Mimi nilidhani ni upepo, au uzee. Chai yake ikapoa. Barabarani alipita mtu na baiskeli, wakapita watoto na madumu ya maji, na baadaye hakupita mtu.

"Wamesema Koboko?" hatimaye aliuliza.

"Wamesema, Baba," Swaibu alimjibu.

"Kwa redio."

"Kwa redio."

"Na hakuna mutu iko kuja?"

"Nani akuje, Baba?"

Baba aliutazama mlango kwa muda. Kisha akachagua karanga moja kwenye sahani, akaimenya polepole kwa kidole gumba kama zamani. Hakuila. Aliishika tu, akaigeuza, halafu akauchukua mkono wa Swaibu, ule wa kulia, akaiweka kiganjani na yeye mwenyewe akavikunja vidole vya mwanawe, kimoja baada ya kingine, juu ya karanga ile.

Nami nilikuwa nimekaa pale, nikimwonyesha Mama jinsi ya kuongeza sauti ya redio.